Fulana Haimleti Kijana Mara ya Pili

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: ni kitu gani kinachomfanya kijana ashike jembe kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, na aje tena wiki inayofuata wakati mpiga picha hayupo? Tumechagua barua saba. Majibu yameandaliwa na jopo letu la wataalamu wa misitu ya pwani, nishati ya kupikia na kazi za vijana.

Shikamooni. Ninaratibu kikundi cha mazingira wilayani Pangani. Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, walikuja vijana 80. Tulipanda miche 2,000 ya mikoko, na kila mmoja alipata fulana, soda na shilingi 10,000. Mwezi uliofuata tuliwaita kukagua, wakaja 6. Miche mingi imekufa. Je, vijana wa siku hizi hawana uzalendo?
*Mratibu, Pangani*

Marahaba. Uzalendo tuuweke kando, tuanze na miche, maana miche iliyokufa ndiyo iliyowafukuza vijana wako. Mtu hurudi kwenye kazi aliyoiona ikijibu. Aliyepanda asubuhi nzima kisha akasikia kwamba imebaki vijiti vitupu, amejifunza kwamba jasho lake halina maana, na hakuna hotuba itakayomfundisha kinyume chake.

Sasa, kwa nini ilikufa? Hukutuambia mlipanda wapi, lakini kosa tunaloliona mara nyingi zaidi ni la mahali. Wapandaji hukimbilia tope lililo wazi mbele ya msitu, upande wa bahari, kwa kuwa liko tupu na halina mgogoro na mtu. Liko tupu kwa sababu liko chini mno. Mikoko kwa kawaida huishi pale bahari inapofunika ardhi kwa muda usiozidi takriban asilimia 30, yaani kama saa saba kwa siku ukipiga wastani wa mwezi mzima. Chini ya hapo mizizi hukosa hewa, mawimbi huung'oa mche kabla haujashika, na viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba makali hung'ang'ania shina mpaka likainama kwa uzito.

Kabla ya kumwita kijana hata mmoja, nendeni watu watatu na mpira wa maji, ule mafundi waashi wanaosawazishia msingi. Ncha moja iwe kwenye tope chini ya mikoko ya mwisho iliyoota yenyewe upande wa bahari, nyingine pale mnapotaka kupanda. Mnapotaka kupanda pakiwa chini ya hapo, msipande. Pakiwa sawa au juu kidogo na bado hapana mti, ulizeni sababu: kuna ng'ombe wanaopita, kuna mkondo wa maji uliozibwa na tuta la barabara au la shamba la chumvi, au watu wanakata? Mkondo ukifunguliwa, mara nyingi mikoko hujiotea yenyewe, kwani mbegu huletwa na maji. Siku moja ya vijana 15 wenye majembe kwenye mfereji uliozibwa inaweza kuzaa kuliko miche 2,000.

Jamii ya mti nayo ina pake. Mlilana hukaa mbele, unakabili bahari. Mkoko wenyewe, wa mbegu ndefu kama fimbo, hupenda tope laini la katikati. Mkandaa hukaa nyuma, kwenye ardhi ngumu inayofikiwa na maji mara chache. Mchu hustahimili chumvi kali, nao huonekana mbele na nyuma. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuchomeka, na urahisi huo umeua miche mingi sana duniani.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na huchomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Ya kijani tupu ambayo lazima uivunje haijakomaa. Tupeni zenye matundu ya wadudu. Zihifadhini kivulini kwa wiki moja chini ya gunia bichi: kaa huzipenda mbegu mbichi kabisa, na zikikaa kidogo hamu yao hupungua. Chomekeni theluthi moja tu ya urefu ndani ya tope, ncha kali ikiwa chini. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, hekta moja huchukua mbegu 2,500.

Vijana sasa. Themanini kwa pamoja ni umati, na ndani ya umati mtu haonekani akiwepo wala akikosekana. Wagawe makundi 10 ya watu 8, na kila kundi lipewe miche 200 kwenye kipande chake cha mita 20 kwa 40, chenye mti wa alama na jina walilojichagulia. Wahesabu miche iliyo hai wiki ya nne, kisha mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Kundi moja lihesabu kipande cha kundi lingine, kuepusha ubishi. Matokeo yaandikwe kwa chokaa kwenye ubao pale dikoni, ambapo wavuvi na wachuuzi wa samaki wote watayaona: kundi hili 171 kati ya 200, lile 64 kati ya 200. Kijana atakuja kuona namba yake. Na wale wenye 64 wasiaibishwe, waulizwe kilichotokea, maana huenda wao ndio waliogundua kwamba mbuzi hupita pale.

Kazi ipangwe kwa mwezi wa mbinguni badala ya kalenda ya ofisi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani yetu hutoka sana kuanzia karibu saa nne asubuhi. Hapo kuna saa mbili tatu za kufanya kazi tope likiwa wazi, na hata wasichana ambao nyumbani hawaruhusiwi kutoka jioni wanaweza kuja. Mkiitisha kazi saa tisa alasiri siku ya bamvua, mtaikuta bahari imejaa na vijana watarudi nyumbani na hasira.

Jambo la mwisho kwako: mikoko yote Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali. Ombeni kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kuchuma mbegu au kupanda. Kikundi kilichofukuzwa na askari wa misitu siku ya kwanza hakikusanyiki tena.

Tusipotoa posho hawaji, tukitoa wanakuja siku ya posho tu. Tufanyeje?
*Afisa maendeleo ya jamii, Kilwa*

Tutenganishe vitu viwili ambavyo vimezoeleka kuitwa posho. Nauli na chakula ni gharama ya kazi. Kijana asiye na ajira akitembea kilomita 8 kwa njaa ili awasaidie, hiyo si hiari, ni kumkamua. Hizo zitoeni kila siku ya kazi, kwa kiasi kinachofanana na bei halisi ya bodaboda na sahani ya wali maharage. Posho ya kuonekana, inayolipwa kwa kusaini karatasi, ndiyo inayoharibu. Inamfundisha kijana kwamba kinachonunuliwa ni uwepo wake, na uwepo huisha saa saba mchana.

Lipeni matokeo. Wangari Maathai alipoanzisha harakati za Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walipewa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika na kuwa hai. Kanuni hiyo bado haijapitwa. Chukulia ile bajeti ya barua ya kwanza: vijana 80 kwa shilingi 10,000 ni 800,000, zimeteketea kwa siku moja. Tengeni 200,000 za maji ya kunywa, chakula na nauli za wahesabuji kwa mwaka mzima. Zinazobaki 600,000 zifuate miche: tuseme miche 1,500 iko hai mwezi wa 3, mlipe shilingi 150 kwa kila mmoja, jumla 225,000. Ikiwa bado hai mwezi wa 12, mlipe 250 kwa kila mmoja, jumla 375,000. Fedha ni zile zile, ila sasa zimevuta mwaka.

Tahadhari tatu. Fedha ziingie mfuko wa kundi, kwani mkilipa mtu mmoja mmoja watu wataanza kugombania vipande vyenye tope zuri. Anayehesabu asiwe anayelipwa. Na mafuriko au dhoruba ikivunja kila kitu, kama kimbunga Hidaya kilivyoipiga pwani ya kusini Mei 2024, walipeni siku za kazi waliyofanya. Kumwadhibu kijana kwa kosa la bahari ni njia ya uhakika ya kumpoteza.

Nina miaka 22. Nikitazama habari za ukame, mafuriko, joto, nakosa usingizi. Nataka kufanya kitu ila sijui nianzie wapi. Baba mdogo naye huniuliza, walioichafua dunia ni wengine, mbona nyinyi ndio mnasumbuka kuisafisha? Sina jibu.
*Kijana, Kwale*

Hofu yako haina ugonjwa ndani yake. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaathiri maisha yao ya kila siku. Wewe umeishi mvua zilizogoma misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024. Ungeshangaza kama usingeogopa.

Hofu humwamsha mtu, lakini haimtembezi. Inatembea ikipewa njia fupi ya kwenda, la sivyo inageuka kuwa uchovu, na mtu huanza kukwepa hata kusikia habari. Kwa hiyo usitafute jambo kubwa la kuanzia. Tafuta kazi unayoweza kuimaliza ndani ya siku 14 na kuiona imekwisha: kuzibua mtaro mmoja unaofurika mtaani, kuotesha viriba 50 vya mwarobaini, kumsaidia bibi yako kujenga jiko la udongo linalokula kuni chache. Ichague kwa kujiuliza ujuzi gani unao tayari, ni wapi unapita kila siku, na nani atakubali kwenda nawe. Swali la tatu ndilo zito. Mtu mmoja hulegea kimyakimya, wawili huoneana haya.

Kisha funga kazi hiyo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. "Nitajitahidi wikendi" ni maneno yanayokufa Ijumaa usiku. Sema hivi: "Jumamosi nikitoka swala ya alfajiri, nachukua ndoo namfuata mwenzangu, tunamwagilia kitalu mpaka saa moja." Wanasaikolojia wameupima mpango wa namna hii, wenye "nikifanya hili, basi nafanya lile", katika mambo mengi, na huwavusha watu kutoka nia hadi tendo mara nyingi kuliko ahadi ya jumla.

Kuhusu baba mdogo: ana haki, na mwambie hivyo kwa heshima. Afrika nzima huchangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Wewe hudaiwi toba, na kwa maoni yetu wanaowahubiria vijana wa Kwale hatia ya tabianchi wanakosea hesabu na wanakosea adabu. Lakini kuna kazi mbili hapa. Kupunguza gesijoto ni deni la wenye viwanda na magari mengi, na kijana wa pwani ana haki ya kulidai kwa sauti. Kuhimili madhara ni kujilinda, na hakuna atakayekuja kukufanyia. Mikoko ya Vanga, hapo kwenu Kwale, haizimi kiwanda cha makaa ya mawe ng'ambo ya bahari. Inavunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba za Vanga, na ndani ya mizizi yake kamba na samaki wachanga hujificha mpaka wakue. Baba mdogo kama ni mvuvi, hoja hiyo anaijua kuliko sisi.

Kukosa usingizi kukipita wiki mbili au tatu, au ukaanza kushindwa kula na kusoma, nenda kituo cha afya uzungumze na mhudumu. Na simu usilale nayo kitandani.

Chuoni kwetu kila mtu anakubali kwamba tabianchi ni tatizo. Tumebandika mabango: "Vijana wengi hawajali, wewe je?" Kundi letu la WhatsApp lina watu 240. Mkutanoni tunakuja 5.
*Wanafunzi, Dar es Salaam*

Bango hilo lishusheni leo. Mlitaka kumchoma mtu dhamiri, lakini alichosoma ni kwamba wengi hawajali, na binadamu hufuata wengi hata akijua wanakosea. Watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hili hotelini, wakachapisha mwaka 2008. Chumba chenye kadi iliyosema wageni wengi hurudia kutumia taulo zao kilipata wanaorudia wengi kuliko chumba chenye kadi ya kuomba watunze mazingira. Kilichoongeza nguvu zaidi ni kusema wageni wengi *wa chumba hiki hiki*. Kijana huwaangalia wa bweni lake, wa darasa lake, wa timu yake ya mpira.

Andikeni jambo la kweli lililofanywa na watu anaowafahamu: "Ghorofa ya pili, vyumba 14 kati ya 20 vinatenganisha taka. Chumba chako kimo?" Msizidishe hata chumba kimoja, maana mtu akigundua uongo mmoja hatawaamini tena. Kama wanaofanya bado ni wachache, semeni wanavyoongezeka: wiki jana 3, wiki hii 7.

Watu 240 wa WhatsApp ni wasikilizaji. Chagueni 8, mwende kwao ana kwa ana, kila mmoja mwombeni jambo moja lenye jina na saa: "Tunakuhitaji wewe upime uzito wa taka Alhamisi saa kumi, mizani tunayo." Ombi la jumla humwacha kila mtu akidhani mwingine ataitika. Mkutano uwe dakika 40, nusu yake iwe kazi ya mikono. Usimalizike mpaka kila aliyekuja ameondoka na jukumu na tarehe.

Maandamano yana faida yoyote? Au ni kupoteza muda?
*Msomaji, Nairobi*

Yana faida yakiwa na dai moja ambalo mtu fulani mwenye jina na ofisi anaweza kulitekeleza. Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi wa Uganda, alianza kusimama na bango barabarani Kampala Januari 2019, akiwa na ndugu zake wachache tu, na leo sauti yake inafika kwenye mikutano mikuu ya dunia. Hakusubiri umati. Kwa upande wa sheria, Kenya inataka taarifa kwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na Tanzania si chini ya saa 48 kabla. Ipelekeni kwa maandishi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wekeni watu wa kuongoza msafara na mmoja wa huduma ya kwanza, na mjue kabla ya kutoka nyumbani mtamkabidhi nani barua. Bila barua ya kukabidhi, yatabaki matembezi.

Shikamooni. Tuko vijana 9 wa Ifakara, tunatengeneza mkaa mbadala, ule wa kufinyanga vumbi la mkaa. Unavunjika ukibebwa, wateja wanasema una moshi na majivu mengi. Wenzetu 4 wamejitoa wakisema mazingira hayalipi. Tusaidieni.
*Kikundi cha vijana, Ifakara*

Marahaba. Hao wanne hawajakataa mazingira, wamekataa bidhaa mbovu. Mkaa ukitengemaa, wawili kati yao watarudi bila kuitwa.

Kuvunjika kuna sababu nne: vumbi lenye chenga kubwa, gundi kidogo, kuchanganya vibaya, au kuanikwa juani siku ile ile. Chekecheni vumbi la mkaa kwenye wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 3, na chenga zinazobaki zitwangwe tena. Kwa kilo 10 za vumbi lililochekechwa, chukueni gramu 600 za unga wa muhogo na lita 6 za maji. Koroga unga kwenye lita 1 ya maji baridi, chemsha lita 5, mimina ule mchanganyiko ukikoroga mpaka uji uwe mzito na wa kuangaza. Unga uliomwagwa mkavu kwenye vumbi haugundishi chochote, na hili ni kosa la vikundi vingi. Changanyeni uji ukiwa bado moto, kwa koleo, dakika 10 nzima. Finya konzi moja: likishika umbo bila maji kuchuruzika kati ya vidole, liko tayari. Likimeguka, ongezeni uji. Msiongeze maji matupu.

Anikeni kivulini siku ya kwanza kwenye chanja inayopitisha hewa chini, kisha juani siku 3 hadi 5. Jua kali la mapema hukausha ganda la nje na kuacha maji ndani, na hapo ndipo nyufa hutokea. Pimeni vipande vitano kila asubuhi: uzito usipopungua siku mbili mfululizo, umekauka. Msimu wa mvua bila paa la kuanikia, utaota ukungu.

Moshi hutoka kwenye vitu ambavyo havijaungua sawasawa. Kama mnachoma pumba, mabua au vifuu vya nazi wenyewe, kila kilicho rangi ya kahawia kirudi kwenye pipa. Cheusi tii tu ndicho kipite. Moshi pia hutoka kwenye mkaa mbichi na kwenye unga uliozidi, hivyo msipite gramu 800 kwa kilo 10. Majivu mengi ni mchanga. Vumbi la kuzoa chini ya meza za wauza mkaa huja na udongo mwingi. Tieni konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, acha: mchanga unatua chini haraka, na mnaona wenyewe ni kiasi gani. Ukijaa chini, nunueni vumbi la kwenye magunia, hata kama ni ghali kidogo.

Kabla ya kuuza, dondosheni vipande 10 kutoka urefu wa mita 1 kwenye sakafu ya saruji. Vikibaki vizima 9, fungasheni. Vikibaki 6, rudisheni kwenye kinu.

Anzeni na kilo 20 kwa mama lishe watano, mrudi baada ya siku tatu na daftari: ulichemsha nini, ulidumu kwa muda gani, ungelipa shilingi ngapi? Neno la mama lishe kwamba "huu umenivusha mpaka maharage yakaiva" litafanya kazi ambayo semina kumi hazikuifanya. Mgawanyo wa fedha uandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, kwa mfano kila 1,000: malighafi 500, nguvu kazi 300, akiba 200. Vikundi hufa zaidi kwa daftari kuliko kwa soko.

Msikope mashine kubwa haraka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo jikoni kwa familia mtashindana na gesi na umeme kila mwaka zaidi. Wachoma nyama, mama lishe na wafugaji wanaotunzia joto vifaranga watabaki wateja kwa muda mrefu. Mkiwa tayari kukua, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni za vijana. Daftari lenu la mauzo ya miezi sita ndilo litakalowatetea.

Na mwambieni kila mteja: mkaa wa aina yoyote usiachwe ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa usiku. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.

Kwenye kamati ya tabianchi ya wadi yetu kuna nafasi ya kijana. Mimi ndiye niliyechaguliwa, lakini wazee huzungumza mpaka mwisho, mimi naandika mahudhurio tu. Nafikiria kuacha.
*Mjumbe, Kilifi*

Usiache kabla ya Septemba, tutakueleza kwa nini. Kukalishwa bila kusikilizwa kunamvunja kijana moyo kuliko kutoalikwa kabisa, tunalijua hilo. Lakini bajeti ya kaunti ina tarehe zake, na anayezijua husikika hata akiwa mdogo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwasilishwe kwenye bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti si baada ya tarehe 30 Aprili. Wazo linaloletwa Mei, hata likiwa zuri, limechelewa mwaka mzima.

Julai andika ukurasa mmoja tu: tatizo ni lipi na liko kijiji gani, kazi gani itafanyika, inagharimu shilingi ngapi kwa mchanganuo wa vifaa, nani atatunza baada ya fedha kuisha, na mtapimaje kama imefaulu. Kipengele cha utunzaji ndicho wengi husahau, na ndicho wazee hukiuliza kwanza. Siku tatu kabla ya kikao mpelekee nakala mwenyekiti na wazee wawili majumbani kwao, salamu kwanza, karatasi baadaye. Mzee aliyeshirikishwa barazani kwake hatakukata kauli mbele ya watu. Omba hoja yako iandikwe kwenye ajenda, kwa sababu "mengineyo" huja watu wakiwa wamesimama.

Nenda pia ukaone Gazi, huko Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na wanakijiji wa Gazi na Makongeni, ulioanza 2013, huuza kaboni ya mikoko, yaani hulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu wake unaifyonza na kuihifadhi: hekta 117, takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato yameingia kwenye maji ya bomba na shule. Kijana wa pale akiulizwa kwa nini analinda msitu, anaweza kukuonyesha bomba. Wadi yako ikifuatwa na kampuni ya kaboni, fahamuni kwamba sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mradi unaotegemea ardhi, kama wa misitu, uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama za uendeshaji zikishatolewa, kwa mkataba ulioandikwa. Ombeni mkataba huo usomwe kwa Kiswahili kwenye baraza, kifungu kwa kifungu, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Kwa wasomaji wa Tanzania walioko kwenye hali kama hii: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwulizeni mtendaji tarehe ya mkutano ujao, mfike vijana zaidi ya mmoja, na mkae viti vya mbele.